Kweleakwelea wa Ndugu Katibu

Siku ya kuniaga walinipa khanga, saa ya ukutani na hotuba. Khanga nimeivaa. Saa haijatembea tangu niitundike. Hotuba ilisomwa na kijana ambaye katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuniamkia, akasema mimi ni mshumaa. Baada ya soda kwisha, walimu wachache wa umri wa wanangu wakanifuata wakaniomba niandike kidogo juu ya kazi. "Uzoefu wako utatusaidia, Mama," wakasema, kwa sauti ile ambayo watu huitumia kumsifu mgonjwa kwamba leo anaonekana vizuri.

Basi naandika. Anayetafuta humu habari za vyeo asijisumbue, kwa kuwa vyeo nilivyopata nilipewa na watu nisiowaheshimu. Habari za mishahara mnazijua wenyewe. Nitaeleza jambo moja tu ambalo nililiangalia kwa karibu kazini: namna mtoto anavyoamua lipi jema na lipi baya anapokutana na kiumbe mdogo kuliko yeye, asiye na wa kumtetea. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto hana dhamiri mpaka apandiwe, kama mahindi, na kwamba huota kwa mistari. Aliyetufundisha hayo hakuwa na mtoto, na nina hakika hata shamba hakuwa nalo.

Nilianza kazi Masanze, bendera ya Uhuru ikiwa bado haijapauka. Nilifika kwa baiskeli ya kuazima, sanduku la bati nyuma, sketi imejaa vumbi, kichwa kimejaa mafundisho ya chuo. Nikakabidhiwa darasa la tatu. Siku hiyohiyo ya kwanza, wakati wa mapumziko, wavulana walimkuta kinyonga kwenye ua wa minyaa nyuma ya vyoo, wakampiga mawe mpaka akafa. Mimi nikaona nafasi yangu imefika. Nikawapanga mstari, nikawahubiria huruma mpaka koo likakauka, kisha nikawaamuru wachimbe kaburi, wamzike kinyonga kwa heshima na kuweka maua juu yake. Walitii kila neno. Nilikwenda kulala nikijiona nabii.

Asubuhi yake nilikuta kaburi limefukuliwa, nusu ya darasa wamechuchumaa kulizunguka.

"Mnafanya nini hapo?"

"Shikamoo mwalimu. Tunaangalia kama ameshakwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Mbinguni," akasema mmoja wao, bila kejeli yoyote. "Hajaenda, mwalimu. Bado yupo. Ila siafu wameanza."

Kisha wakanitazama usoni, wakaona kitu ambacho sikujua nimekionyesha, na wakamfukia tena haraka bila kuambiwa. Waliogopa nisije nikalia.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Zakaria, alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Alikuwa mzee wa shule za misheni, kaptula yake imenyooshwa kwa pasi ya mkaa mpaka ungeweza kukatia mkate. Hakuwa mpole, na sitamfanya mpole kwa sababu amekufa. Lakini kazi aliijua.

"Binti," akaniambia, "uliwauliza kwa nini wamemuua?"

"Niliwaeleza kwa nini wasiue."

"Ndiyo maana wamefukua. Wamekwenda kuhakikisha habari zako." Akapuliza chai yake. "Usimwulize mtoto jambo ambalo jibu lake ameshaliona usoni kwako. Atakupa uso wako mwenyewe, nawe utaondoka umefurahi kama mjinga."

Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limetobolewa matundu kwa msumari, na sheria zake zilikuwa chache. Mtoto yeyote anaweza kuleta mdudu yeyote. Kopo linawekwa mezani, mwalimu anakaa, mwalimu ananyamaza. Kabla ya kengele ya mchana kiumbe kinarudishwa na aliyekileta, mahali palepale alipokitoa. Wakaguzi waliniletea vifaa vingi vya kufundishia baadaye, vingine na nyaya, vingine na picha za theluji. Sikuona cha kulishinda lile kopo, ingawa kunyamaza kulinichukua muda mrefu kujifunza, na wengi wenu bado hamjajifunza. Nawasikia kutoka barabarani.

Ukinyamaza, utasikia sheria zao. Buibui asiuawe, kwa sababu amejenga. Nge auawe, lakini kwa pigo moja, kwa sababu hakuchagua kuwa nge. Panzi auawe kama ataliwa. Kama haliwi aachwe, kwani amekukosea nini? Mende auawe popote alipo, na hapa sikuwahi kusikia mjadala. Nilipouliza kwa nini kinyonga alipigwa mawe, walisema kwa sababu anatembea kama anayekusengenya. Sisemi kwamba sheria hizo zilikuwa nzuri. Nasema zilikuwepo, na zilikuwepo kabla yangu, na darasa zima lilizijua, na aliyezivunja alitengwa kwenye mchezo.

Kutoka Masanze nikahamishiwa Ulaya, kijiji cha hukuhuku Kilosa na si kwa Wazungu, ambako siku za gulio shule ilibaki na mwalimu, ubao na mtoto mwenye surua. Huko ndiko alikokuja mtaalamu mmoja kuchunguza tabia za watoto. Alikuwa na suruali ya kitambaa kizuri, viatu vya kung'aa na kadi zenye picha. Akanyanyua kadi ya kwanza, yenye mguu juu ya sisimizi.

"Watoto, je, ni vibaya kumkanyaga sisimizi bila sababu?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

"Na je, ni vizuri kuwahurumia wadudu?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Angeuliza kama ni vizuri kumeza kopo, angejibiwa vivyo hivyo. Aliandika kwa furaha, akafunga mkoba, akaaga, akatoka mlangoni akikanyaga msafara wa sisimizi uliokuwa ukivuka kizingiti tangu asubuhi. Watoto hawakumtazama usoni. Walitazama viatu. Alipoondoka, mtoto wa dawati la mbele akasema taratibu, "Kumbe alikuwa anauliza kwa ajili yake mwenyewe." Nasikia yale maandishi yake yalimpatia heshima kubwa huko alikokwenda.

Kisha ukaja ujamaa wa vijiji. Watu wa milimani wakateremshwa, wengine kwa hiari na wengine kwa lori, wakakutanishwa na watoto wa waliokuwa vibarua wa mashamba ya katani na reli, wote wakaambiwa sasa ni kitu kimoja. Nikapelekwa kwenye kijiji kimojawapo kipya, upande wa Mikumi. Shule ilikuwa nguzo, nyasi na matumaini. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa maana kwamba mwalimu mwenzangu alikuwa mmoja tu, na malaria ilimtaka zaidi kuliko shule ilivyomtaka.

Mkubwa wa pale alikuwa Ndugu Katibu, aliyetumwa na chama. Nimewajua watu waliouamini ujamaa kwa moyo wote, wakalima mpaka mikono ikapasuka, na hao nawaheshimu hadi leo. Ndugu Katibu hakuwa mmoja wao. Yeye aliipenda sauti yake, na ujamaa ulimpa watu wa kuisikiliza. Alikuwa na kipaza sauti cha bati ambacho alikitumia hata kumwita mkewe.

Kijiji kililima mtama, na mtama ulipoanza kukomaa wakaja kweleakwelea. Asiyewajua ndege hawa asije akadhani nazungumzia ndege watatu juu ya tawi. Wanakuja kama moshi. Wanatua, na shamba linabadilika rangi; wanaruka, na shamba limebaki mabua. Usiku walilala kwenye kichaka cha migunga ng'ambo ya mto, matawi yakipinda kwa uzito wao. Mchana watoto walishinda juu ya dungu na kombeo na madebe, wakiwinga, badala ya kushinda kwangu na hesabu za mafungu.

Ndugu Katibu akaja shuleni kutoa elimu.

"Kweleakwelea ni mnyonyaji!" akatangaza. "Halimi! Hapalilii! Anakula jasho la wakulima! Mnyonyaji afanyweje?"

"Auawe!"

Msichana mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono. Aliitwa Melania. Familia yake iliteremka kutoka milimani, baba alikwishafariki, na alimlea mdogo wake Damasi karibu kama mama, kwa sababu mama yao alikuwa shambani tangu alfajiri. Aliongea polepole, na uso wake haukubadilika alipoongea, jambo lililowafanya wakubwa wadhani ni mtovu wa adabu.

"Ndugu Katibu, na kuku je? Kuku naye halimi."

"Kuku anatoa mayai!"

"Kweleakwelea naye ana mayai."

Darasa likacheka. Ndugu Katibu akaanzisha wimbo. Nimegundua kwamba mtu wa aina yake akiishiwa na hoja huanzisha wimbo, na wimbo ule ulidumu mpaka mapumziko.

Lakini Melania hakuwa anatania, na wala hakuwa anawaonea huruma kweleakwelea. Siku iliyofuata nililiweka kopo mezani, ndani yake mmoja wa hao wanyonyaji, mdogo kama kidole gumba, mdomo mwekundu, amekasirika. Nikanyamaza.

"Huyu anaweza kuuawa," akasema Melania. "Amekula mtama. Lakini aliyemuua amle. Babu anasema anayeua hula. Ukiua ukatupa, huna tofauti na mchawi."

"Na lazima achinjwe," akasema Shabani, mtoto wa mfanyakazi wa zamani wa reli. "Asipochinjwa ni kibudu, haliwi." Na kweli Shabani alitembea na wembe mfukoni, na kila ndege aliyemwangusha kwa manati alimchinja kwa Bismillahi, kwa uangalifu ambao ungefaa ng'ombe.

"Dagaa anachinjwa na nani?" akauliza mwingine.

"Dagaa ni wa majini. Wa majini wana ruhusa yao."

Walibishana hivyo mpaka kengele. Mwishowe wakakubaliana: kuua kwa kadiri ya kitoweo, waliobaki wafukuzwe. Nimehudhuria vikao vingi vya watu wazima tangu hapo, vyenye mwenyekiti, katibu na chai, na sikumbuki kimoja kilichofikia azimio la maana kama lile.

Ndipo Bwana Shamba akaja kutoka wilayani na Landrova iliyojaa madebe. Jioni moja ndege ikaja kuua ndege. Ilipita chini, juu ya kichaka cha migunga, ikiacha nyuma yake ukungu mweupe, na watoto wakaishangilia kama harusi. Kabla giza halijaingia, Ndugu Katibu alizunguka kijijini na kipaza sauti chake.

"Ni marufuku kuokota kweleakwelea! Ndege hao ni mali ya serikali! Atakayeokota atachukuliwa hatua!"

Mali ya serikali. Sumu hakuitaja. Baadaye nilikuja kujua kwamba Bwana Shamba ndiye aliyemshauri asilitaje neno hilo, kwa sababu kisima chetu hakikuwa mbali na kichaka, na wanakijiji wangeweza "kupotosha lengo." Basi wawili hao wakakaa, watu wazima wenye suruali, wakatunga uongo ambao waliuona ni wa busara.

Watoto waliupokea uongo ule wakaufikiria, kama walivyofikiria kila kitu. Ndege wamekufa, maelfu kwa maelfu. Aliyewaua ni serikali. Anayeua hula. Kwa hiyo serikali inataka kuwala wote peke yake, na haiwezi kuwamaliza, wataoza, na kuwaacha waoze ni uchawi. Sioni kosa katika hesabu hiyo. Kulipopambazuka tu, walikuwa kwenye migunga na vikapu. Watoto wa Kiislamu walikwenda kutazama, hawakuokota hata mmoja: ndege wote walikuwa vibudu. Natamani Bwana Shamba angalitambua kwamba sheria ya kuchinja, iliyoelezwa darasani na mtoto mwenye wembe, iliwalinda watoto wengi asubuhi ile kuliko elimu yake yote.

Nilikuwa naandika tarehe ubaoni Melania alipoingia mbio.

"Mwalimu, Damasi anatoka mate."

"Mate gani?"

"Hayakomi. Na anatetemeka. Alikula palepale, tulichoma wachache. Mimi nilikuwa bado sijala."

Niliacha chaki. Niliyaona madebe ya Bwana Shamba jana yake, na nilikuwa nimeuona mchoro wa fuvu ubavuni mwa debe, na sasa fuvu lile na mate ya Damasi vikaungana kichwani mwangu. Tulimkuta Damasi amelala kando ya njia, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Nikambeba. Alikuwa mwepesi mno. Mama yake alikuwa anakuja kutoka shambani akikimbia na jembe mkononi, amesahau kulitupa.

Landrova ilikuwa mbele ya duka la ushirika, Bwana Shamba ameshakaa ndani.

"Bwana, wale ndege wana sumu?"

"Ni dawa, mwalimu."

"Dawa ya kutibu nini?"

Akamtazama mtoto, kisha akatazama barabara. "Gari hili lina ratiba," akasema. "Rubani ananisubiri. Labda mtafute usafiri wa—"

Sikusubiri amalize. Nilifungua mlango nikamlaza Damasi juu ya mapaja yake. Damasi akamtapikia, jambo ambalo sikulipanga lakini sikulijutia. "Hospitali," nikamwambia dereva. "Waambie madaktari jina la dawa. Bwana hapa analijua." Mama yake akapanda nyuma, juu ya madebe matupu, jembe lake likabaki barabarani. Dereva, Mungu ambariki, hakungoja amri ya mtu.

Nikamwambia mwenzangu wa malaria awazuie watoto shuleni, akawazuia, akitetemeka yeye mwenyewe. Mimi na Melania tukaanza nyumba kwa nyumba. Kila tulipoona moshi tuliingia. Wengi walimwaga chungu mara moja wakinitazama kwa hofu. Babu yake Melania, Mzee Fransisi, alikuwa amekaa mbele ya sufuria na mwiko.

"Shikamoo Babu. Usile hiyo. Ina sumu."

"Marahaba. Nyama imeiva, mwalimu."

"Wamewaua kwa sumu, Babu. Damasi amepelekwa hospitali."

Mkono wake ukasimama. "Katibu alisema ni mali ya serikali. Leo wewe unasema ni sumu. Nani kati yenu ni mwongo?"

"Yeye."

"Nitajuaje?"

Melania ndiye aliyemjibu. "Babu, kule kwenye migunga kuna mwewe wameanguka. Wamekufa, hawana jeraha. Mwewe hakuokota cha mtu. Amekula tu."

Mzee aliuweka mwiko chini. Kisha akasimama, akaibeba sufuria kwa mikono mitupu ingawa ilikuwa ya moto, akaenda kuimwaga chooni. Aliporudi aliuliza swali moja tu: "Mtu anaua vingi hivyo, halafu hali hata kimoja?"

Mchana tulichimba shimo. Watoto wakubwa walishika majembe, nikawafunga mikono kwa vitambaa na mifuko, tukazoa tulichoweza. Sikuhubiri, na hakuna aliyeweka maua. Mbwa kadhaa walikufa, na mwewe, na ndege wengine ambao hawakuwahi kugusa mtama wa mtu. Watoto watatu zaidi waliugua, si sana. Damasi alichomwa sindano hospitalini, moja baada ya nyingine, na hali yake ilibaki ya mashaka kwa siku kadhaa. Alirudi amekonda, shingo kama ya kifaranga, na akaomba wali.

Ungedhani hapo mtu angeomba radhi. Ndugu Katibu aliitisha mkutano wa hadhara kuwashughulikia wakaidi. Akamsimamisha Melania mbele ya watu.

"Ulisikia tangazo?"

"Ndiyo, Ndugu."

"Ulijua ni marufuku?"

"Ndiyo, Ndugu."

"Kwa nini uliokota?"

Melania alifikiri. Alikuwa amelia kwa siku nyingi mfululizo na macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya polepole. "Ulisema ni mali ya serikali. Mwalimu anasema serikali ni sisi. Na ulisema wameuawa kwa sababu wanakula jasho la wengine. Nikaona wakitupwa, watakuwa wamekufa bure. Ungesema sumu, nisingempa mdogo wangu."

Ndugu Katibu alitazama kipaza sauti chake kana kwamba jibu lingetoka humo. Safari hii hakuanzisha wimbo. "Kiburi," akasema. "Mwalimu Tabitha, mchape mwanafunzi wako viboko mbele ya hadhara, iwe fundisho."

Nilisimama. Nilichapa watoto katika kazi yangu, kama wote tulivyochapa, na nilikuwa na fimbo palepale. Nikaiweka mezani kwake.

"Fimbo hiyo, Ndugu Katibu. Kama kuna wa kuchapwa, aanze aliyesema ndege ni mali ya serikali."

Mzee Fransisi akakohoa kikohozi kirefu, kile ambacho wazee hukohoa wasipotaka kucheka mbele ya watu. Kisha akaja akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka katikati ya mkutano, na watu wakaanza kuondoka nyuma yao mmoja mmoja, wakisingizia mbuzi. Mkutano ukabaki wa mtu mmoja, fimbo na kipaza sauti.

Barua ya uhamisho ilifika upesi kuliko chaki ilivyowahi kufika. Nilihamishiwa Ruhembe "kwa manufaa ya umma." Umma haukuulizwa. Watoto walinisindikiza mpaka barabara kuu, Damasi akiwa mgongoni kwa dada yake, na Shabani akanipa kweleakwelea wa kukaanga aliowawinda mwenyewe, akanihakikishia kwamba kila mmoja alichinjwa.

Ruhembe ilikuwa miwa, jasho, na watoto waliojua kila aina ya panya. Nilifundisha. Msimu uliofuata, wakati wa kukata miwa, mama yake Melania alikuja kutafuta kibarua, na jioni moja nikasikia hodi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Melania. Umerefuka. Damasi?"

"Anakula kama moto." Akakaa, akanywa maji, akatulia. Nilinyamaza. "Kweleakwelea walirudi, mwalimu. Palepale kwenye migunga. Tukasikia ndege itakuja tena."

"Mkafanyaje?"

"Tukaenda kabla. Jua likiwa bado juu, shule nzima, na madebe na ngoma za kanisani. Tuliwafukuza mpaka wakahamia mbele zaidi, ndani ya hifadhi ya wanyama."

"Kwa nini hifadhini?"

Akanishangaa kidogo, kama mtu anayelazimika kueleza jambo lililo wazi. "Kule kuua ni marufuku. Mjomba wake Shabani alifungwa kwa digidigi mmoja tu. Tukasema, Bwana Shamba akiwafuata kule na kuua wote wale, naye atafungwa."

"Na mtama?"

"Tuliwinga wenyewe, kila siku, mpaka mavuno." Akanionyesha viganja. Vilikuwa na sugu kama vya mkulima mzee. "Walikula kiasi. Tulibakiwa na wa kutosha."

"Ndege haikuja?"

"Ilikuja. Ilimwagia miti."

Mwisho wa msimu ule tuliitwa Kilosa, walimu na makatibu wa kata pamoja, kusikiliza taarifa za kilimo. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha. Ndugu Katibu alisimama amevaa suti mpya ya mikono mifupi, akafungua karatasi zake, akasoma kwa sauti ile aliyoipenda. Mkakati ulikuwa imara. Uongozi ulikuwa madhubuti. Dawa ilinyunyizwa kwa ustadi kwenye kichaka chote, na asubuhi yake ukaguzi ulipofanywa, hakukuonekana kweleakwelea hata mmoja.

Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Katika taarifa zote nilizowahi kumsikia akisoma, hiyo ndiyo sentensi pekee iliyokuwa kweli, kwa hiyo nami nilipiga makofi, kwa nguvu, mpaka jirani yangu akanitazama.